Shangazi Amegeukia Ndani

Njiwa alikataa tena.

Editruda alichomoa kizibo kidogo cha mpira kwenye sikio la mtoto, akakifuta kwa pamba, akakirudisha polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano huku anasinzia. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala fofofo, ameshiba maziwa, mdomo wazi. Siku ya tatu duniani, na hana habari na mtu. Kipimo pale mezani kikaguna mara mbili, guu-guu. Ndiyo maana kila mtu kwenye kituo cha afya cha Ihambala alikiita Njiwa. Halafu taa yake ikawaka njano.

"Kelele," akasema Njiwa. "Kelele nyingi. Tafadhali tafuta sehemu tulivu."

"Kelele ipi sasa, jamani?" Faines, mkunga wa zamu, akaweka mikono kiunoni. "Humu hata nzi amenyamaza. Ni kiwanda cha mbao hicho, misumeno yao hiyo." Akaenda kufunga dirisha. Akalikuta limeshafungwa. Akalifungua ili apate kulifunga tena.

Siku nyingine Editruda angecheka. Ila mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na uchovu wake ulikuwa ule unaoanzia kwenye visigino, unapita kiunoni, unafika mpaka kwenye kope. Akarudi nyuma akajibwaga kwenye kiti cha mlangoni, mbali na meza.

Njiwa akanyamaza kidogo, akaanza kazi.

Sikio zima, usilichukulie poa, lina sauti yake. Ukilipigia kisauti kidogo, kile kikonokono kilichojikunja ndani kinatetemeka na kurudisha mlio, mlio mdogo ambao hakuna binadamu anayeusikia. Njiwa tu ndiye anausikia. Anauliza, sikio linajibu, taa inawaka kijani, mama anavaa viatu anaondoka. Dakika chache tu.

Sikio la kulia la mtoto huyu halikujibu. La kushoto halikujibu. Jana Editruda alijipa moyo kwamba ni ule utando mweupe wa kuzaliwa, labda umeziba njia. Leo masikio yalikuwa safi kabisa, na hakuna cha kusingizia.

"Nesi." Mama wa mtoto, Enelisa, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga ya pili mabegani kwa ajili ya baridi. "Hasikii?"

"Hajajibu, mama."

"Hajajibu au hasikii?"

Editruda akapangusa uso kwa kiganja. "Hasikii."

Aliyeongea kwanza ni mama mkwe wa Enelisa, Mama Lutengano, mama mnene mwenye sweta la kijani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anamenya machungwa ya mkwewe na kuyala mwenyewe.

"Basi hasikii," akasema. "Marehemu mjomba wangu naye hakuwa anasikia. Nusu ya makabati ya mji huu kachonga yeye, na wake wawili kaoa. Na wote wawili walikuwa wanalalamika kwamba mwanaume huyu anaelewa kupita kiasi."

Enelisa akacheka. Machozi yakatoka pamoja na kicheko, akayafuta kwa kichwa cha mtoto.

"Na atapata punje," Editruda akasema haraka. "Kabla hajafikisha miezi mitatu." Punje ilikuwa kitu kidogo kama mbegu ya mtama, kinapandikizwa pembeni ya mshipa wa kusikia, kinakua na mtoto. Mpango wa Mama na Mtoto uliwapa wote waliohitaji. Wote, isipokuwa mtoto ambaye mama yake aliuchezea mkanda wa mimba. Huyo alibaki kuisikia punje redioni.

"Alikuwa mchangamfu huyu," Enelisa akasema, kama anaongea na kanga. "Tumboni. Tumekaa zetu tu jioni, mara paa! Anaruka. Tunacheka mpaka basi. Mwezi wa mwisho akatulia. Nikasema, mwanangu ameshakuwa mtu mzima."

Editruda akatazama pembeni. Huyu alikuwa mtoto wa nne asiyesikia tangu mvua zianze. Na mama wa yule wa pili alisema maneno hayohayo, akicheka hivyohivyo.

*

Kwenye boksi mkanda ule uliandikwa Mkanda wa Mama. Ihambala nzima waliuita Shangazi, na ukimsikia mara moja tu utajua kwa nini.

Shangazi alivaliwa tumboni kuanzia mwezi wa nne. Ulikuwa mkanda mpana wa kufuma, wenye kibao cha duara mbele kama kisosi. Alisoma presha, sukari na mapigo ya moyo wa mtoto, akatuma kituoni. Halafu akasema. Alisema kwa sauti! "Mama Enelisa, umesimama muda mrefu. Kaa chini." "Mama Enelisa, ndoo hiyo ni nzito. Jirani wa zamu, njoo." Jirani wa zamu alitakiwa kuja mbio, amsaidie mama, abonyeze kitufe cha kibao kilichoandikwa NIMESIKIA. Asipokuja, Shangazi anarudia kwa sauti zaidi. Asipokuja tena, zaidi. Alitengenezwa hivyo makusudi, kwa ajili ya mwanamke aliyeanguka na kifafa cha mimba peke yake nyumbani, mlango umefungwa. Nyumba ya tatu wangemsikia.

Na walimsikia. Tangu Shangazi aingie, mji ule haukuzika tena mwanamke mwenye mimba. Editruda hakuhitaji kuambiwa thamani ya hilo. Dada yake, Oliva, alikutwa sakafuni jikoni, dumu la maji limemwagika pembeni yake, mwaka mmoja kabla mikanda haijafika.

Lakini adabu, Shangazi hana!

Muulize Witness. Witness alikwenda na mimba yake changa kwenye msiba wa mzee Chengula. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, jeneza bado liko ndani, mchungaji amefungua kitabu, kimya cha kusikia pumzi. Shangazi akafungua kinywa.

"Mama hajala tangu asubuhi. Mama apewe nyama."

Na huko nyuma ya nyumba sufuria za nyama zinachemka, harufu imetanda. Witness akaubana mkanda kwa mikono miwili. Jirani wake wa zamu alikuwa amekwenda kuteka maji. "Mama apewe nyama! MAMA APEWE NYAMA!" Mpaka mjane mwenyewe, na kilemba chake cha msiba, akainuka kwenda kumpakulia. Witness hakutoka nje wiki mbili.

Baada ya hapo, kule saluni, kukapatikana dawa. Ukikigeuza kibao kiangalie ndani, kwenye ngozi, ukafunga kanga juu yake, Shangazi anakuwa bubu. Vipimo anasoma na anatuma kama kawaida. Unasikia mvumo tu, kama tumbo linanguruma. Dawa ile ikarekodiwa, ikatumwa kwenye simu, ikafika Mufindi, ikashuka mpaka Ludewa. Wakwe wakapumzika. Majirani wakalala.

Kanuni ilisema kibao kiangalie nje, na atakayekigeuza amechezea mkanda. Editruda alikuwa anaisoma kanuni hiyo mbele ya akina mama kila siku ya kliniki, kwa sauti kavu, huku chini ya sweta lake kibao kimelala kwenye ngozi. Hebu na wewe jiweke hapo: uko na mgonjwa, umeshika sindano, tumbo lako linakufokea ukae chini.

*

Mchana misumeno ya kiwanda ilinyamaza, watu wameenda kula. Editruda alirudi chumba cha vipimo peke yake kumsafisha Njiwa.

"Kelele," akasema Njiwa. "Kelele nyingi."

Editruda akasimama, kitambaa mkononi. Akasikiliza. Misumeno kimya, korido kimya. Akarudi nyuma hatua kadhaa ili aangalie kama dirisha limefungwa, na taa ikawaka kijani. Akasogea mezani. Njano. Akarudi nyuma. Kijani.

Akavuta sweta juu. Akachukua kile kizibo kidogo cha mpira, kinachokaa kwenye masikio ya watoto, akakigusisha kwenye ukingo wa kibao tumboni kwake.

Njiwa akawaka nyekundu. Miaka yote aliyofanya kazi, Editruda hakuwahi kuiona ile taa nyekundu. Hata hakujua kama ipo.

Akakaa sakafuni.

Kumbe Shangazi hakuwa bubu. Shangazi alikuwa anaongea siku zote, ila amegeuziwa ndani, kwenye maji, na maji yanabeba sauti kuliko hewa. Kaa chini, mama. Hakuna aliyebonyeza. Kaa chini! Nani angebonyeza, na kitufe kimefunikwa na kanga? KAA CHINI! Na huko ndani aliyekuwa anasikia ni mmoja tu. Anashtuka, anaruka, paa! Mama anacheka, anamwita baba aje aweke mkono. Mpaka anafika mwezi ambao haruki tena.

Editruda akaweka mkono wake. Chini ya kiganja mvumo ulikuwa unapanda, unashuka, unapanda. Lini aliruka mara ya mwisho? Juzi. Juzi aliruka, Editruda alikuwa anaosha vyombo. Au ilikuwa Jumapili?

Faines alimkuta hapohapo, na sahani ya ugali mkononi. Alielezwa mara moja tu. Mkunga hodari haelezwi mara mbili. Aliiweka sahani chini na yeye akakaa, mgongo kwenye kabati.

"Utauvua?"

"Presha yangu ya asubuhi hukuiona? Nikiuvua nalala na nini?"

"Basi ugeuze nje. Na wengine tuwaambie wageuze. Kimyakimya, leoleo." Faines akapunguza sauti. "Na Daktari Mwakalukwa wa Mpango akipiga kuuliza hawa wanne wana nini, sema kirusi. Kuna kirusi cha mimba kinachoua masikio, kila mtu anakijua. Nani atabisha? Watoto wanapata punje zao. Na wa kwako anapata, kama itabidi."

Editruda aliyatafuna maneno hayo muda mrefu. Yalikuwa matamu, na alikuwa amechoka kiasi cha kuyameza.

"Na Ludewa?" akauliza mwishowe.

"Ludewa kuna nini?"

"Wamegeuza. Mufindi wamegeuza. Ile sauti ya simu wewe mwenyewe ulinitumia, Faines. Sasa hivi kuna mwanamke yuko Ludewa anacheka kwamba mwanawe anaruka. Nikisema kirusi, watatafuta kirusi. Mpaka wachoke kukitafuta, watakuwa wamezaliwa wangapi?"

"Na ukisema kweli, unamnyang'anya mtoto wa Enelisa punje kwa mdomo wako."

"Najua."

"Na wako."

"Najua, Faines! Naomba huo ugali."

*

Alianza na Enelisa. Hakutaka asikie kwa mtu mwingine. Alimweleza palepale wodini, amesimama, kwa maneno mafupi, maana marefu hakuwa nayo. Enelisa alimsikiliza huku anamtazama mtoto, na alipomaliza hakulia.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mkanda. Unapiga kelele ambayo—"

"Nani aliugeuza, nesi? Uligeuka wenyewe?"

Aliyejibu ni Mama Lutengano, na safari hii hakuwa na chungwa mkononi.

"Mimi ndiye niliyemwambia ageuze. Kila saa mkwe wako kachoka, mkwe wako hajala, mtaa mzima unasikia. Wakaanza kusema namtesa. Nikamwambia, mwanangu, nipunguzie hilo lidude." Akashusha pumzi. "Kama kuna wa kuandikwa, niandikwe mimi."

"Wewe huna mimba, mama," Enelisa akasema. "Hawaandiki wakwe."

"Nina la kuwaomba," Editruda akasema. "Daktari wa Mpango anapiga saa tisa. Nataka kumwambia ukweli wote, hadharani, pale kwenye mabenchi. Nikisema, mtoto wako anaweza kukosa punje. Sitakudanganya kwamba hawezi. Ukitaka nisikutaje, sikutaji. Lakini kuhusu mikanda nitasema."

"Na wewe wako umegeuza?"

Editruda akainua sweta.

Enelisa alikitazama kile kibao, kimejibandika kwenye ngozi kama kupe. Halafu akamfunika mtoto vizuri, akageukia ukutani.

*

Siku ya kliniki mabenchi ya korido yanajaa. Wanawake walikuwa wamebanana, matumbo yamepangana, harufu ya karanga mbichi na mafuta ya nazi. Kwenye ukuta kulikuwa na kioo kikubwa cha simu za video, na saa tisa uso wa Daktari Mwakalukwa ukatokea, umechoka na wenyewe, tai imelegea.

"Kamwene, nesi. Nina watoto wanne wa Ihambala hapa. Nieleze sababu, Mpango unangoja."

"Kamwene, daktari. Nakuomba kwanza usikilize."

Editruda akasimama katikati. Akainua sweta. Mbele ya wanawake wote aliokuwa anawasomea kanuni, akauzungusha mkanda, kibao kikaangalia nje.

Shangazi alilipuka. "MAMA EDITRUDA! PRESHA YAKO IMEPANDA! KAA CHINI! JIRANI WA ZAMU! KAA CHINI!"

Wanawake waliziba masikio. Mmoja aliangusha karanga. Daktari kule kwenye kioo alirudi nyuma kama amepigwa kofi.

"Hii ndiyo sauti!" Editruda akapaza yake juu ya ile ya Shangazi. "Mimi niliugeuza tangu mwezi wa tano wa mimba. Hivi ndivyo alivyokuwa anamfokea mwanangu humo ndani!"

Shangazi akaendelea kufoka. Halafu mwanamke wa benchi la mbele akafungua kanga yake. Alikuwa Witness, yule wa nyama, mimba imeshakuwa kubwa. Akauzungusha. "MAMA WITNESS, HUJANYWA MAJI!" Wa pembeni yake akazungusha. Wa nyuma. "SUKARI!" "MIGUU IMEVIMBA!" "KAA CHINI! KAA CHINI!" Korido nzima ikawa mashangazi watupu wanagombana. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengi, kicheko kile cha kuchoka kinachokuja usipokitaka. Kisha, mmoja mmoja, wakaelewa wanachokisikia. Mikono ikashuka kwenye matumbo. Kicheko kikakatika.

"Nesi," Daktari akasema walipokuwa wamebonyeza vitufe vya wenzao na kelele kupungua. "Kanuni unaijua."

"Naijua. Anza na mimi. Lakini tuma ujumbe Ludewa leo, kabla hujaanza na mtu yeyote. Na huyo aliyetengeneza mtambo unaozidi kufoka bila kujua unamfokea nani, na yeye awepo kwenye hesabu."

Daktari alichukua simu yake. "Ludewa napiga sasa hivi," akasema. "Kuhusu punje... siwezi kuahidi. Nitapigana, lakini siwezi kuahidi." Kioo kikazimika.

Shangazi mmoja tu alikuwa bado anafoka, wa Editruda. Nani angembonyeza? Faines alikuwa zamu chumba cha kujifungulia, na wanawake walimtazama tu, wengine kwa huruma, wengine kwa macho mengine kabisa. Kidole chake mwenyewe hakikuwa na maana. Mtambo haukukubali mama ajibonyeze.

"MAMA EDITRUDA, KAA CHINI!"

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Enelisa alikuja taratibu, mwendo wa mwanamke mwenye siku tatu tangu ajifungue, mtoto begani, amelala usingizi mzito katikati ya makelele yale. Alipita kati ya mabenchi bila kumtazama mtu. Akafika. Akamwangalia Editruda usoni, na uso wake mwenyewe haukuwa umesamehe chochote.

Akanyoosha kidole akabonyeza. *Nimesikia.*

Korido ikatulia. Editruda akaweka mkono tumboni, akangoja mtoto aruke. Hakuruka. Labda amelala. Watoto hulala.

"Kaa chini, dada," Enelisa akasema, akamsogezea benchi kwa mguu. "Umesimama mno."

Editruda akakaa.